Mteja anayelalamika bado hajaondoka



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya manung'uniko, tena manung'uniko ya wachezaji. Sisemi mambo ya Simba na Yanga, maana huko manung'uniko hayahitaji mtangazaji wa kuyasemea. Nasema ile michezo ya kompyuta na simu inayochezwa kwa intaneti, ambayo vijana wetu huikeshea usiku kucha pamoja na wenzao wa Brazili, Poland na Ufilipino ambao hawajapata kuonana nao uso kwa uso. Najua wapo watu wazima watakaosema, "Ah, hayo si mambo ya watoto hayo!" Nawaomba subira ya dakika chache. Michezo hiyo leo ni biashara ya mabilioni ya dola, na ndani yake limo somo ambalo wakubwa wengi wenye ofisi na kaunta wangefaidika nalo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ubao wa bao ukishaununua ni wako. Fundi aliyeuchonga hawezi kuja usiku wa manane akaongeza shimo au akapunguza kete. Mchezo wa intaneti hauko hivyo. Ulimwengu wake unakaa ndani ya mashine za kampuni, ziitwazo seva, katika nchi ya mbali. Mchezaji hulipa ada ya mwezi, au hununua mara moja, au hucheza bure na kununua vikorombwezo vilivyomo ndani. Asubuhi moja anaamka na kukuta upanga wake umepunguzwa makali, soko limefungwa, na sheria ya jana imefutwa. Kampuni ndiyo fundi, ndiyo refa, na ndiyo mwenye uwanja. Mchezaji amebakiwa na silaha mbili tu: kulalamika au kuondoka.

Hoja yangu ya leo ni hii. Kampuni yenye akili humwomba Mungu usiku na mchana ili mchezaji atumie silaha ya kwanza. Anayelalamika bado yumo ndani ya nyumba. Ameudhika, anapiga meza, lakini hajachukua kofia yake. Aliyekata tamaa haandiki barua. Anafuta programu kwenye simu, anakwenda kwingine, na mwenye kampuni anabaki na tarakimu kwenye karatasi: mwezi jana walikuwa wengi, mwezi huu wamepungua. Tarakimu zinamwambia kwamba watu wamekwenda. Kwa nini wamekwenda, hazimwambii.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtengenezaji wa mchezo ni seremala. Amekichonga kitanda, amekipiga msasa, hata amekijaribu kwa kukikalia kidogo. Lakini siku ya ufunguzi wanakuja watu laki moja kukilalia, kila mmoja kwa ubavu wake, na katika jioni moja wanagundua mambo ambayo wajaribuji wa kampuni hawakuyaona mwaka mzima. Wakisema kunguni wapo, seremala atafanya nini? Tuangalie waliokwisha kupita njia hiyo.

Mfano wa kwanza unatoka Japani. Tarehe 30 Septemba 2010 kampuni ya Square Enix ilifungua mchezo wa intaneti uitwao Final Fantasy XIV. Jina la Final Fantasy lilikuwa na heshima kubwa tangu 1987, na watu walikuja kwa matumaini. Wakaanza kulalamika mara moja. Menyu zilikuwa nzito, kila amri ikisubiri. Kulikuwa na utaratibu wa kupunguza faida ya mtu aliyecheza saa nyingi katika wiki, kana kwamba bidii ni kosa. Fedha na nguvu nyingi zilikuwa zimemwagwa kwenye sura ya mchezo. Baadaye, mwaka 2014, Naoki Yoshida, mtu aliyepewa kazi ya kuuokoa mchezo huo, alieleza hadharani kwamba chungu cha maua kilichokaa pembeni tu kilikuwa kimechorwa kwa uzito uleule wa kumchora mchezaji mzima. Kompyuta zilikuwa zikitoka jasho kwa ajili ya vyungu vya maua!

Kampuni ingeweza kusema wachezaji hawana shukrani. Haikusema hivyo. Desemba 2010 mkuu wake, Yoichi Wada, aliomba radhi, uongozi wa mchezo ukabadilishwa, na ada ya mwezi ikaendelea kusimamishwa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja wachezaji hawakutozwa kitu. Yoshida akawapelekea maswali, akawa anawaandikia barua za kueleza kinachofanyika, na huku nyuma watu wake wakijenga mchezo mpya kutoka kwenye msingi. Tarehe 11 Novemba 2012 ule wa zamani ulifungwa. Ndani ya hadithi yake mwezi mmoja ulianguka kutoka angani na kuiangamiza dunia, na huo ndio ukawa mwisho. Tarehe 27 Agosti 2013 ulifunguliwa upya kwa jina la A Realm Reborn, na hadi sasa watu wanaucheza.

Tena, waliojifunza kusikiliza hawakusahau. Desemba 2021, ilipotolewa nyongeza ya mchezo huo iitwayo Endwalker, wachezaji walifurika hata foleni ya kuingia ikafika masaa mengi. Malalamiko yakamiminika. Kampuni ilisimamisha kuuza mchezo wake wenyewe mpaka Januari 2022, na waliokwisha kulipa ikawaongezea siku za bure. Niambieni, ni duka gani la Kariakoo lililowahi kufunga mlango wa mbele kwa kuwa wateja walio ndani wamebanana?

Mfano wa pili unatoka Aisilandi, kisiwa cha baridi kaskazini ya Ulaya. Huko kampuni ya CCP imekuwa ikiendesha tangu 2003 mchezo uitwao EVE Online, wa vyombo vya angani, biashara na vita. Mwaka 2008 kampuni ilianzisha baraza la wachezaji linalochaguliwa kwa kura, liwe sauti yao mbele ya kampuni. Juni 2011 ikaongeza duka la mapambo ndani ya mchezo. Kitu kimoja, miwani ya jicho moja ya kuvalishwa mtu wa kuchorwa, kilikuwa na bei ya zaidi ya dola 60. Wachezaji wakafura. Juu ya hayo zikavuja karatasi za ndani za kampuni zilizojadili kuuza vitu zaidi, ikavuja na barua ya mkuu wa kampuni, Hilmar Pétursson, aliyewaambia wafanyakazi wake kwamba katika nyakati kama zile yafaa kutazama wachezaji wanafanya nini, kuliko kusikiliza wanasema nini.

Tumtendee haki bwana huyo. Shauri lake halikuwa la kipumbavu, maana wengi husema wanaondoka na kesho wapo palepale. Lakini safari hii wachezaji walifanya vilevile walivyosema. Wengine walikatisha malipo yao. Wengine walikusanyika na vyombo vyao kwenye soko kuu la mchezo, mahali paitwapo Jita, wakaanza kulipiga risasi sanamu lililosimama pale. Lilikuwa sanamu lisiloweza kuvunjika, na walijua hivyo. Walipiga tu. Mwisho wa mwezi ule kampuni iliwasafirisha wajumbe wa baraza kwa ndege hadi Reykjavik wakae mezani. Oktoba 2011 Pétursson aliandika barua ya kuomba radhi kwa wachezaji wote, na mwezi huohuo kampuni ikapunguza kama asilimia 20 ya wafanyakazi wake. Hebu fikirini jambo hilo.  Wakubwa wanapochelewa kusikia, gharama huwashukia wadogo. Novemba ya mwaka ule kampuni ilitoa marekebisho mengi madogo ya vyombo vya angani, mambo ambayo wachezaji walikuwa wameyaombea kwa muda mrefu, na ukurasa mpya ukafunguliwa.

Iko namna nyingine ya kutosikia, nayo ni ya mtaalamu anayeamini kuwa anamjua mteja kuliko mteja anavyojijua. Kampuni ya Blizzard ya Marekani ilifungua World of Warcraft mwaka 2004. Miaka ikapita, mchezo ukabadilika, na wazee wa zamani wakawa wanaulilia ule wa mwanzo. Mwaka 2013, katika mkutano wa hadhara, mchezaji mmoja aliuliza kama kampuni itaurudisha. Afisa wake, J. Allen Brack, alimjibu kwa maneno yenye maana kwamba mnadhani mnautaka, lakini hamuutaki.  Aprili 2016 seva moja ya watu wa kujitolea iitwayo Nostalrius, iliyouendesha mchezo wa zamani bila idhini, ilifungwa kwa kutishwa na sheria. Watu zaidi ya laki 2 walitia saini ombi kwa kampuni. Novemba 2017 afisa yuleyule alisimama jukwaani kutangaza kwamba mchezo wa zamani unarudi, na tarehe 27 Agosti 2019 ulipofunguliwa, watu walipanga foleni ya masaa. Malalamiko yale yalikuwa hodi ya mnunuzi mlangoni, na hodi hiyo ilichukua miaka kuitikiwa.

Wenzao wa Jagex, kampuni ya Cambridge nchini Uingereza, walifika mbali zaidi. Mchezo wao wa RuneScape ulibadilishiwa mtindo wa kupigana Novemba 2012, na watu wengi wakaondoka. Kwa bahati njema kabatini kulikuwa na nakala ya mchezo ilivyokuwa Agosti 2007. Februari 2013 kampuni iliwauliza wachezaji kwa kura kama waifufue nakala hiyo. Kura karibu 450,000 zikapigwa, na Old School RuneScape ukazaliwa mwezi uleule. Tangu hapo nyongeza kubwa hupelekwa kwanza kwenye kura ya wachezaji. Mwanzoni kiwango cha kupita kilikuwa asilimia 75, na mwaka 2022 kikashushwa kuwa 70. Lawama limegeuzwa kuwa katiba.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wazazi wanaponisikiliza kwa masikio yote mawili. Novemba 2017 kampuni ya Electronic Arts ilikuwa tayari kutoa Star Wars Battlefront II, mchezo unaouzwa kwa bei kamili. Mnunuzi aliyekwisha kulipa aligundua kwamba mashujaa wakubwa wa hadithi, kama Darth Vader na Luke Skywalker, wamefungiwa, na kumfungua mmoja kunahitaji pointi 60,000. Wachezaji wakapiga hesabu, wakapata kama masaa 40 ya kucheza kwa shujaa mmoja. Njia ya mkato ilikuwa kununua makasha ya bahati, ambayo hujui kilichomo mpaka umekwisha kutoa fedha. Kampuni ilijibu kwamba lengo ni wachezaji waone fahari ya kufanikiwa. Jibu hilo lilikataliwa kwa kura zaidi ya laki 6. Bei ya mashujaa ikashushwa kwa asilimia 75, na saa chache kabla ya siku ya kutolewa, tarehe 17 Novemba, kampuni ikazima kabisa mauzo ya ndani ya mchezo. Jambo halikuishia hapo. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya bahati katika baadhi ya michezo ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo.

Nawaomba mzingatie mpangilio wa matukio. Wachezaji walilalamika kwanza, serikali ikafuata. Kama kampuni zingeyasikia manung'uniko yalipokuwa bado ni ya mezani, huenda yasingefika kwenye meza ya tume. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mfanyabiashara anayewaziba wateja midomo hana budi kujiandaa kusikia habari zake mwenyewe kwa wanasheria.

Je, ina maana kila lalamiko ni la kweli na kila mlalamikaji apewe anachotaka? La hasha. Mtaani kwetu tunamtofautisha mlalamikaji na mlalamishi. Wa kwanza ana jambo, wa pili ana tabia. Zaidi ya hapo, hata mwenye jambo huweza kuwa na haki juu ya maumivu na akakosea juu ya dawa. Mgonjwa anajua panapouma, na daktari asiyemsikiliza ni mpumbavu. Lakini daktari anayempa kila mgonjwa sindano anayoitaja mwenyewe naye ni mpumbavu. Mchezaji atasema, "Punguzeni nguvu za bunduki ile." Mtengenezaji akichunguza atakuta bunduki haina kosa, ila kuna kilima kimoja kwenye ramani ambapo mwenye nayo haonekani. Lalamiko lilikuwa na thamani yake kamili, ingawa shauri lililoambatana nalo halikufaa.

Tena lazima kuuliza nani hasikiki. Mchezo wa Ultima Online, uliotengenezwa na kampuni ya Origin ya Texas na kufunguliwa Septemba 1997, ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kukusanya maelfu ya watu katika ulimwengu mmoja. Mwaka uleule wachezaji walioudhiwa na hitilafu na mwendo wa kusuasua waliandamana ndani ya mchezo, wakakusanyika katika kasri ya mfalme wakiwa wamewavua nguo watu wao wa kuchorwa. Mwaka 1998 wengine walikwenda mahakamani. Lakini donda kubwa lilikuwa jingine. Wachezaji wazoefu waliwavizia wageni njiani, wakawaua na kuwapora. Wageni walilalamika, na kila wavizi walipobanwa nao walilalamika, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Mvizi ana sauti kwa sababu yupo kila siku. Mgeni aliyeporwa mara tatu huandika mstari mmoja kisha haonekani tena. Mwaka 2000 kampuni iliugawa ulimwengu sehemu mbili, mmoja wa hatari kama zamani na mwingine ambao mtu hashambuliwi bila ridhaa yake. Mpaka leo wapo wanaoulaumu uamuzi ule, lakini angalau mstari mmoja wa yule mgeni ulisomwa.

Na lipo lalamiko ambalo si lalamiko hata kidogo. Mwaka 2013 mtengenezaji mmoja wa mchezo wa Call of Duty alitishiwa maisha, yeye na jamaa zake, kwa sababu mwendo wa kufyatua wa bunduki moja ulibadilishwa kutoka sekunde 0.2 kuwa 0.4. Kwa sehemu ndogo ya sekunde, ndani ya mchezo, mtu anatishia roho ya binadamu! Matusi na vitisho humnyima haki hata yule mwenye hoja, maana mtengenezaji akishaumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo, na barua zote huanza kufunguliwa kwa hofu.

Ndugu wasikilizaji, nimezunguka Japani, Aisilandi, Marekani na Uingereza. Sasa nirudi nyumbani, maana jambo hili linatuhusu sisi kwa namna ya pekee.

Februari 2024 kampuni ya Arrowhead ya Stockholm, Uswidi, ilitoa mchezo uitwao Helldivers 2, mchapishaji wake akiwa Sony. Ukapendwa sana. Kwa wenye kompyuta uliuzwa katika duka la intaneti la Steam, nchi nyingi za dunia, na za kwetu zikiwemo. Tarehe 3 Mei Sony ikatangaza kwamba kila mchezaji wa kompyuta atalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation Network. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo, lakini liliachwa kwa muda kutokana na matatizo ya mitambo. Tatizo ni kwamba huduma hiyo haikuwa ikiandikisha watu katika nchi zaidi ya 170, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Mtu wa Mwanza au wa Kisumu aliyenunua mchezo kwa fedha halali ilikuwa achague kuupoteza, au adanganye nchi anayoishi, jambo ambalo masharti ya huduma yenyewe yanalikataza.

Wachezaji wa dunia nzima waliandika hukumu mbaya zaidi ya laki 2 katika duka la Steam kwa siku chache. Wengi wa walioandika, Wamarekani na Wazungu, walikuwa na uwezo wa kupata akaunti hiyo bila taabu. Walilalamika kwa niaba ya wenzao waliopigana bega kwa bega nao usiku uliopita. Kabla ya siku nne kutimia, Sony ilitangaza kuwa sharti limeondolewa. Lakini zile nchi ambazo mchezo ulikuwa umetolewa dukani hazikurejeshwa siku ileile. Waliokwisha kununua waliendelea kucheza, na aliyetaka kununua baada ya pale alikuta mlango umefungwa. Mnaona? Kelele ziliokoa waliokuwa ndani. Waliokuwa nje hawakuwa na mahali pa kupigia kelele.

Hali yetu ndiyo hiyo mara nyingi. Chukueni suala la kuchelewa kwa mawasiliano, ambalo vijana wetu hulilia kuliko lolote. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilometa 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi 15,000. Hesabu yake ni milisekunde 75 kabla mashine yoyote haijafanya kazi, na nyaya zenyewe hazinyooki, zinafuata pwani na sakafu ya bahari. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, hali ilikuwa mbaya zaidi, maana tulitegemea setilaiti zilizo juu kama kilometa 36,000. Kwa hiyo kijana wa Temeke anayecheza mchezo wa bunduki kwenye seva ya Ulaya hufa kabla hajaona aliyempiga. Hana kosa, na bando lake ameliunguza.

Kampuni ikitazama tarakimu zake itaona wachezaji wa Afrika Mashariki ni wachache, iseme hapa hakuna soko la kuwekewa seva ya karibu. Uchache huo ndio ugonjwa wenyewe! Watu ni wachache kwa sababu mchezo hauchezeki. Hakuna karatasi ya takwimu itakayomwonyesha mtu ambaye hakuweza kuingia. Atakayelieleza jambo hilo ni mlalamikaji, tena mwenye kujua kulieleza.

Hivyo nina neno kwa vijana wetu. Msinung'unike vijiweni tu kisha mkahama. Andikeni kwa kampuni. Semeni mlikuwa mkifanya nini, saa ngapi, kwa simu au kompyuta ya aina gani, seva ya nchi gani, jambo limetokea mara ngapi, na mlitarajia nini. Barua ya namna hiyo, hata ya mistari mitano, fundi anaweza kuifanyia kazi asubuhi ileile. Barua ya matusi ya kurasa mbili itaishia kwenye pipa. Na mkiandika wengi kutoka mji mmoja mtaonekana, maana mmoja ni mtu, ishirini ni soko.

Nina neno pia kwa watengenezaji chipukizi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambao wameanza kutunga michezo yao wenyewe. Hamna fedha za Square Enix za kujenga mchezo mara mbili. Kwa hiyo ninyi mnayahitaji malalamiko kuliko wao. Wekeni mahali pa kulalamikia ndani ya mchezo, tena kwa Kiswahili, ili hata asiyejua lugha ya kigeni aseme kilichomkera. Someni yote. Yajibuni hata yale mtakayoyakataa, na mseme kwa nini mmeyakataa. Hesabuni malalamiko kwa sababu zake, msihesabu kwa ukubwa wa sauti. Na mtafuteni yule aliyecheza siku mbili akapotea, mkamuulize kwa upole nini kilimtoa. Huyo ndiye mwenye habari ambayo hakuna mwingine atakayewapa.

Katika ofisi zetu nyingi lipo sanduku la maoni limepigiliwa ukutani. Kufuli lake limeota kutu, na ukiuliza ufunguo unaambiwa anao mtu aliyehamishwa. Wateja wakinyamaza, wenye ofisi hupongezana kwamba sasa mambo ni shwari. Wenzetu wa michezo wamejifunza, wengine kwa hasara kubwa, kwamba ukimya ule ni wa nyumba ambayo wapangaji wamekwisha kuhama.

Basi, mwenye biashara akisikia mteja anafoka mlangoni, asimwite askari. Amvutie kiti.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.